Ukandaji: Riziki ya Mikono Katika Zama za Akili Mnemba



Ndugu msomaji, kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne, wazazi hutujia na swali moja: kijana asomee nini? Miaka ishirini iliyopita jibu lilikuwa jepesi. Tulimwambia ajifunze kompyuta, ajue uhasibu, atafute kazi ya ofisini au bandarini. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipofunguliwa kwa watu wote programu ya ChatGPT, swali limeongezeka uzito. Mzazi sasa huuliza: asomee nini ambacho mashine haitampokonya kabla hatujamaliza kulipa karo?

Hofu hiyo ina msingi. Wapo vijana wetu waliokuwa wakiishi kwa kazi za mtandaoni: kunukuu sauti, kufasiri, kuandika makala kwa malipo. Kazi hizo ndizo zilizoingiliwa mwanzo na akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Makala haya hayana jibu la kila kijana. Yanaitazama kazi moja tu, ambayo twaipita kila siku bila kuihesabu kuwa ni kazi: ukandaji, au masaji kama wengi waiitavyo. Ni kazi ya heshima na yenye maisha marefu mbele yake, ila kwa sharti moja: ifanywe kwa elimu. Ikikosa elimu, mkandaji hana haja ya kuiogopa roboti. Mwenye kukandwa ndiye wa kuogopa.

Kwa nini mashine imeanza na kalamu

Wengi tulidhani mashine itaanza na mchukuzi, mwashi na mpishi, na kwamba mwenye kalamu atakuwa wa mwisho kuguswa. Yaliyotokea ni kinyume. Mtaalamu wa roboti Hans Moravec alilieleza jambo hili mwaka 1988 katika kitabu chake Mind Children. Hoja yake ni kuwa yale ambayo mwanadamu huyaona magumu, kama hesabu na sataranji, ni mepesi kwa kompyuta. Na yale ambayo mtoto mdogo huyafanya bila kufikiri, kama kushika, kutambua na kutembea, ni magumu mno kwake. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Zaidi ya robo karne imepita, na kukunja kanzu iliyotoka kwenye kamba ya kuanikia bado ni mtihani kwa roboti.

Sababu yake si siri. Akili mnemba hujifunza kwa kupitia maandishi na picha nyingi zilizokwisha kuwekwa katika kompyuta. Barua, hesabu na tafsiri zimejaa humo. Lakini ujuzi wa bi mkubwa anayetambua kwa kidole gumba kwamba msuli huu umekaza na ule umelegea, sehemu kubwa yake haijaandikwa. Umo mkononi mwake, na hupokewa na mwanafunzi aliyekaa kando yake, akaweka mkono pale alipoweka yeye.

Ngozi na habari zake

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hukaribia mita mbili za mraba. Ndani yake mna ncha za neva za namna mbalimbali: nyingine hupokea joto, nyingine maumivu, nyingine mkandamizo. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua vipokezi ambavyo mwili huvitumia kuhisi joto na mguso. Wataalamu wa neva wamegundua pia kwamba katika ngozi yenye vinyweleo mna neva nyembamba zinazoitika zaidi mkono unapopita taratibu, baina ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Mama anayempapasa mwanawe ili alale huenda kwa mwendo huohuo, wala hakuna aliyempimia.

Mfano mashuhuri ni wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mwaka 1986 mtafiti Tiffany Field na wenzake, huko Miami, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watoto hao. Waliokandwa kwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa muda wa siku 10, waliongezeka uzito kwa siku kwa asilimia 47 kuliko wenzao wasiokandwa, ilhali kiasi cha maziwa hakikutofautiana. Nyanya zetu waliokuwa wakiwanyoosha watoto kwa mafuta ya nazi hawakuwa na mizani wala daftari, lakini hawakuwa wakicheza.

Pamoja na hayo, tusizidishe. Ukandaji hupunguza maumivu ya mgongo na shingo kwa muda, hulegeza misuli iliyokaza, na humtuliza mtu aliyechoka. Hautibu sukari, hauondoi uvimbe wa saratani, wala hauyeyushi mafuta ya tumbo. Anayeuza ahadi hizo, awe na cheti au asiwe nacho, anauza uongo. Mkandaji mwaminifu huanza kazi yake kwa kusema wazi analoliweza na asiloliweza.

Roboti ya kukanda ipo

Haitatufaa kujidanganya kwamba mashine haitafika hapa kabisa. Imekwisha kufika. Nchini Singapore, mwaka 2017, roboti iitwayo Emma ilianza kukanda migongo ya wagonjwa katika kliniki moja ya tiba ya Kichina. Nchini Marekani, kampuni ya Aescape imeweka vitanda vyenye mikono miwili ya roboti katika baadhi ya hoteli na vituo vya mazoezi. Mteja huvaa nguo ya kubana, hulala kifudifudi, vitambuzi huupima mwili wake na kuuchorea ramani, kisha mikono hiyo hushuka kwenye misuli. Mteja huongeza au hupunguza nguvu kwa kugusa kioo kilicho mbele ya uso wake.

Hapa Mwislamu mwenye haya aweza kusema: basi hiyo ndiyo bora! Hakuna mtu anayeniona, hakuna mkono wa ajinabi unaonigusa. Hoja hiyo ina uzito wake, nami sioni dhambi katika chombo kama hicho kikitumiwa kwa stara. Lakini tuitazame kwa makini. Mashine hiyo hufuata ramani ya mgongo. Mtu aliyekaza bega kwa sababu ya msiba, mzee ambaye mifupa yake imepungua nguvu, mama aliyejifungua juzi ambaye mguu wake mmoja umevimba: hawa hawahitaji mkono usiochoka. Wanahitaji mtu wa kuwatazama usoni, kuwauliza, kuwasikiliza, na pengine kuwaambia, "Leo sikukandi. Nenda hospitali."

Tena kuna gharama. Mashine ya namna hiyo hununuliwa na hoteli kubwa ya mji mkubwa. Haitafika upesi Faza, wala Vanga, wala katika chumba cha mzazi aliye ndani ya arubaini huko Majengo. Hata itakapofika, itachukua kwanza kazi ya mkandaji anayefanya mambo yaleyale kwa kila mgongo, bila kuuliza, huku macho yake yako kwenye simu. Mkandaji wa namna hiyo amekwisha kuwa mashine kabla ya mashine kuja.

Si elimu ya kigeni

Baadhi ya wazee husikia neno masaji wakadhani ni jambo lililoletwa na watalii. Sivyo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuweka ukandaji, alioutaja kwa jina la Kiarabu dalk, katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun. Aliugawa kwa namna zake: wa nguvu na wa upole, wa muda mrefu na wa wastani, akaeleza athari ya kila mmoja. Akatenga pia ule unaofanywa kabla ya mazoezi ili kuuandaa mwili, na ule unaofanywa baadaye ili kuuondolea uchovu. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Pwani yetu nayo ina msamiati kamili wa kazi hii, na msamiati haujengeki pasipo na ujuzi. Twakanda kwa maji ya moto. Twachua kwa mafuta ya uto au ya nazi. Twasinga kwa singo na liwa. Twaumika kwa chuku. Mzazi hufungwa mkaja, na mtoto hunyooshwa viungo. Kila neno katika hayo lina wakati wake, vifaa vyake na mwenyewe aliyelifunza. Wanawake waliobeba elimu hii, wakunga, masomo na makungwi, wengi wamezeeka, na wajukuu wao wako shuleni wakijifunza mambo mengine. Mmoja wao anapofariki huzikwa pamoja na ujuzi ambao kompyuta haikuwahi kuupata na sisi hatukuuandika.

Wenzetu wa Thailand walifanya vingine. Elimu yao ya ukandaji waliitunza katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, wakaijengea mafunzo yenye mpango, na mwaka 2019 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya turathi za binadamu. Leo kijana wa Kithai aweza kusafiri nchi nyingi akaishi kwa ujuzi wa bibi yake. Japani nako, katika karne ya 17, Sugiyama Waichi, aliyekuwa kipofu, alianzisha mafunzo ya tiba ya sindano na ukandaji kwa wasioona, na mpaka leo wako wasioona wengi nchini humo wanaoishi kwa kazi hii. Tukumbuke hilo tunapomtazama ndugu yetu asiyeona tukadhani riziki yake ni sadaka ya Ijumaa peke yake. Vidole vyake huenda vina usomi kuliko macho yetu.

Mkono unaojua kuacha

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Ugumu wa kazi hii haumo katika kukanda. Umo katika kujua wakati wa kutokanda, na hapo ndipo uhai wa mtu unapoweza kupotea.

Tuchukue mfano wa mzazi. Mwanamke akiwa mja mzito, na kwa muda wa wiki sita baada ya kujifungua, damu yake huwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Wiki sita ni siku 42, karibu sawa na arubaini, wakati uleule ambao mila yetu yamweka ndani akandwe. Donge la damu likijifanya katika mguu, dalili zake ni mguu mmoja kuvimba, kuuma, kupata joto, pengine kubadilika rangi. Mama atasema, "Mguu waniuma, nikandeni." Mkandaji asiyejua atakazana papo hapo kwa nguvu. Donge laweza kung'oka, likasafiri na damu hadi mapafuni, na mama akafa ghafla mtoto akiwa kifuani. Watu watasema ni ajali au ni jicho. Mkandaji mwenye elimu atauona mguu, ataulinganisha na mwenzake, na ataita gari.

Mifano mingine ni hii, na naomba ikatwe na kubandikwa mahali pa kazi:

Aliyejifungua kwa kupasuliwa asikandwe tumbo wala asifungwe mkaja wa kubana mpaka daktari wake aruhusu. Maji ya moto yasikaribie kidonda.

Mwenye homa, mwenye jipu au ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza, asikandwe mpaka apone.

Mwenye sukari ya siku nyingi huenda amepoteza hisia miguuni. Maji yanaweza kumuunguza naye asijue. Joto lipimwe na mkandaji, wala mteja asiulizwe tu, "Yako sawa?"

Mzee ambaye mifupa yake imepungua nguvu asikandamizwe mbavu wala uti wa mgongo. Aliyeanguka karibuni apigwe picha ya mifupa kwanza.

Mwenye saratani, mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, aje na idhini ya daktari.

Mja mzito asikandwe tumbo kwa nguvu. Kumgeuza mtoto tumboni ni kazi ya hospitali, penye vifaa vya kumwokoa yeye na mamake likitokea la kutokea.

Maumivu ya kifua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, kinywa kwenda upande: haya hayakandwi. Hukimbizwa hospitali.

Mtume (s.a.w.) ametuwekea msingi katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah: anayejitia katika utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Wanazuoni wameijengea hadithi hii mlango mzima katika fiqhi. Nia njema haimwondolei mjinga dhamana. Basi anayetaka kazi hii na ajue kwamba kusoma ni sehemu ya uhalali wa ujira wake.

Stara na jina la kazi

Kuna jambo wazazi hulinong'ona, nami nitalisema wazi. Baadhi ya nyumba zilizoandikwa masaji mlangoni hazifanyi masaji. Kwa sababu hiyo, binti akisema nyumbani anataka kuwa mkandaji, baba hubadilika rangi. Hasira yake ina asili, lakini dawa yake si kuwaachia kazi wale walioichafua. Ni kuisafisha, ikafahamika kwa watu wake.

Mipaka yenyewe yajulikana. Mwanamke ahudumiwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume, isipokuwa palipo na dharura ya tiba na asipatikane mwingine, kwa masharti yake. Hata baina ya watu wa jinsia moja, baina ya kitovu na magoti pabaki pamefunikwa, na linalohitaji tiba hapo lifanywe kwa kadiri ya haja, na ikiwezekana juu ya nguo. Mteja afunikwe kwa leso au shuka, ifunuliwe sehemu inayokandwa tu na ifunikwe tena. Mengi katika haya, ndugu msomaji, hufunzwa hata katika vyuo visivyo vya dini: mteja kufunikwa shuka, ridhaa yake kuombwa kabla ya kuguswa, na mkandaji kuwa na haki ya kusimamisha kazi mara moja mteja akionyesha tabia mbaya. Stara hapa ni adabu ya dini na ni kanuni ya taaluma kwa pamoja.

Ama kwa wanaoiona kazi yenyewe kuwa duni, wakumbuke habari ya Abu Taiba, aliyempiga chuku Mtume (s.a.w.), naye akaamuru apewe pishi ya tende. Yalipokuja maneno juu ya uduni wa kazi hiyo, Ibn Abbas alitoa hoja kwamba lau ujira ule ungekuwa haramu, Mtume asingempa. Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa jasho la mikono yake. Unyonge haumo katika kugusa mgongo wa mtu kwa malipo. Umo katika kula cha mtu bila kumfanyia kazi.

Upungufu wetu mkubwa kwa sasa ni wa wanawake wakandaji waliosoma. Mama mwenye maumivu ya kiuno, ambaye hatakubali kulala mbele ya mwanamume, akikosa mwanamke mwenye ujuzi ana njia mbili: avumilie, au aende kwa asiyejua. Binti mmoja aliyesoma kazi hii katika mtaa huwaondolea uzito huo wanawake wengi. Sioni kwa nini tusiihesabu elimu yake kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, kama tunavyosema juu ya udaktari wa wanawake.

Njia ya kuingia

Anayetaka kuanza na atafute chuo kilichosajiliwa na mamlaka ya vyuo vya ufundi. Vipo vinavyofunza urembo na ukandaji, na kijana aulize kwanza kama atafunzwa umbo la mwili: mifupa, misuli, mishipa ya damu na neva. Chuo kinachompa mtu cheti bila masomo hayo kinampa karatasi. Wenye uzoefu wa miaka mingi bila cheti wasikate tamaa. Nchi yetu imeweka utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nao waweza kupimwa na kupewa hati. Lakini ajihadhari mtu asijiite mtaalamu wa fiziotherapia. Hiyo ni taaluma nyingine yenye sheria yake ya mwaka 2014 na baraza lake la usajili. Kijana mwenye alama nzuri za sayansi na aitazame nayo, kwani mlango huo ni mpana zaidi.

Mtaji wake si mkubwa ukilinganishwa na biashara nyingi: kitanda cha kukunjwa, mashuka safi ya kutosha, mafuta, mahali pa kunawia mikono, na leseni ya biashara ya kaunti. Kitanda kiwe na urefu wa kufika kwenye vifundo vya vidole, mkandaji akisimama na mikono imening'inia. Jambo hilo ni dogo kwa macho, lakini ndilo linaloamua kama mgongo wake mwenyewe utadumu. Wakandaji wengi huharibika vidole gumba na viwiko vya mikono ndani ya miaka michache kwa kutumia nguvu ya vidole. Aliyefunzwa hutumia uzito wa mwili wake, kigasha na kisugudi, na huweka idadi ya wateja wa siku asiyoivuka hata wakija wengi.

Na hiyo akili mnemba tunayoiogopa, mkandaji aweza kuifanya mtumishi wake. Itamjibia mgeni kwa Kijerumani au Kitaliano, itampangia miadi, itamsaidia kuandika hesabu za mwezi, itamwelezea jina la msuli alilolisahau. Lakini achunge mambo mawili. La kwanza, programu hizi hukosea kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Asiiulize kama donge la mguu ni salama, amuulize daktari. La pili, habari za afya ya mteja ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa ni habari nyeti, na dini yetu iliharamisha kutoa siri kabla ya sheria hiyo. Jina la mteja na maradhi yake yasiingizwe katika programu, wala yasielezwe barazani.

Yasiyofaa kufichwa

Singependa mzazi auze shamba kwa ajili ya makala haya. Kazi hii ina misimu. Mahoteli ya Diani, Watamu na Malindi hujaa na kupwa. Mvua za masika zikianza, wageni hupungua na wakandaji wengi hurudi nyumbani. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, kazi nyingi za kugusana zilisimama, ilhali wenye kazi za kompyuta waliendelea wakiwa majumbani mwao. Kazi ambayo mashine haiwezi kuichukua yaweza kuchukuliwa na jambo jingine. Kwa hivyo mkandaji mwenye busara hategemei mtalii peke yake. Hujenga wateja wa mtaani: wazazi, wazee, wachezaji mpira, madereva wa masafa marefu, mafundi cherehani wenye shingo zilizokaza. Hao hawana msimu.

Wapo pia wanaoitwa kwenda kufanya kazi hii katika nchi za Ghuba. Asiende mtu kabla ya kuhakikisha kuwa wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kabla ya kuusoma mkataba unaoeleza wazi atamkanda nani na wapi. Binti asikubali maneno ya mdomo katika jambo hili hata yakitoka kwa jamaa.

Ushauri wangu

Kwa mzazi: mtoto wako akiwa na mkono mwepesi, moyo wa huruma na uwezo wa kunyamaza na siri za watu, usimdharau kwa kuwa hakupata alama za chuo kikuu. Sifa hizo tatu hazinunuliwi kwa karo, na hakuna programu inayozitoa.

Kwa kina bibi wenye elimu hii: chagueni mjukuu mmoja, mumfunze kabla ya siku zenu, mumruhusu aandike mnayoyasema. Naye akija na jambo alilolisoma chuoni, kwamba mguu huu usikandwe au maji haya ni moto mno, msimwone amewavunjia heshima. Amewaongezea.

Kwa kamati za misikiti na jumuiya za kina mama: tunapopanga misaada ya masomo, tutenge fungu kwa mabinti wawili au watatu wajifunze ukandaji na huduma ya mzazi chini ya mkunga wa hospitali. Fedha yake ni ndogo kuliko ya arusi moja, na faida yake itaingia katika nyumba ambazo sisi wanaume hatuingii.

Na kwa nyumba yenye mzazi wiki hii: kabla maji hayajachemshwa, mtazameni miguu yote miwili.

Wabillahi tawfiq.